Mvita Huanzia Barazani

Miongoni mwetu sisi tukaao bara ya kaskazini, toka Magogoni na Mishomoroni hadi Mjambere na Mtopanga, ni wengi mno wavukao daraja la Nyali kila siku ya kazi, wakatumika bandarini Kilindini, dukani au ofisini, kisha magharibi ikiingia wakarejea makwao, miaka nenda miaka rudi, pasi na kuikanyaga Ndia Kuu ya Mji wa Kale wa Mombasa hata mara moja. Na aghalabu yao, ukiwauliza Mji wa Kale una nini, watakujibu ya kuwa una Ngome ya Yesu, na ya kwamba Ngome hiyo ni mahali pa watalii na wanafunzi waletwao kwa mabasi. Hao ndio niwaandikiao leo. Nawaalika waende Mvita kwa miguu, siku ya mapumziko, wakiwa na njaa ya kiasi na kamera mkononi, ijapokuwa ni ile ya simu, wautazame mji ambao si mgeni kwao, kwani katika mitaa yetu ya bara zimo jamaa ambazo babu zao walizaliwa Kibokoni, Kuze na Mjua Kale, wakavuka maji kwa sababu watoto walikuwa wengi na vyumba vilikuwa vichache, na mpaka leo humwendea shangazi aliyebaki huko siku ya Idi.

Kabla ya safari nina neno la kuwaambia, nalo ndilo litakaloongoza mwendo wote. Mji wa Kale umejengwa juu ya heshima baina ya nje na ndani, na mpaka wa pande hizo mbili ni baraza na kizingiti cha mlango: hapo ndipo mgeni hupokewa, habari huulizwa, bei hukatwa, na mtu hutambuliwa ni nani na atoka kwa nani. Chakula ni kitu ambacho nyumba hukitoa nje kwa ridhaa yake, na kwa imani yangu picha nayo haina budi kutoka kwa ridhaa hiyohiyo. Nimewaona vijana wazuri, wenye kamera za thamani, wakipita njia hizi mbio kana kwamba wanafukuzwa, wakipiga huku na huko bila ya salamu, na nikasikitika kwa ajili yao kuliko nilivyosikitika kwa ajili ya wapigwaji.

Matembezi ya namna hii si jambo jipya. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Maghribi, alilala Mombasa usiku mmoja akiwa njiani kwenda Kilwa, na kwa muda huo mfupi jicho lake liliangukia mambo yaleyale yatakayotushughulisha sisi. Alieleza ya kuwa chakula cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka pwani ya pili. Ya kuwa misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa uthabiti mkubwa. Na ya kuwa penye milango ya misikiti palikuwa na visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, ambamo watu, waliokuwa wakienda miguu mitupu, waliteka maji wakaosha nyayo zao kabla ya kuingia. Karibu karne mbili baadaye Mreno Duarte Barbosa aliukuta mji wa mawe na chokaa, wenye nyumba za ghorofa, njia zilizopangika na kazi nzuri ya useremala, na papo hapo akataja kondoo, ng'ombe, machungwa matamu na makali, malimau, makomamanga na uzuri wa maji ya kunywa. Hakuna hata mmoja katika hawa wawili aliyeeleza nyumba akakisahau chungu, na mimi nauona huo kuwa ndio uandishi wa safari uliokamilika.

Basi safari na ianzie Magogoni, baada ya sala ya alfajiri, kwa kuwa mwenye kwenda kuonja chakula cha mji asikidharau cha mtaani kwake. Mahamri yaliyokandwa kwa tui la nazi na iliki, yakaumuka usiku kucha, yakatoswa katika karai la mafuta mbele ya macho yako, pamoja na mbaazi zilizopikwa hata tui likawa zito likang'ang'ania ukingo wa bakuli, ndicho kifungua kinywa cha pwani nzima, na kinakandwa hapa kwa mikono ileile na kwa kipimo kilekile kama huko Kibokoni. Kisha pandeni matatu mshuke Kengeleni, palipo na mnara wa kengele uliosalia katika makao ya watumwa walioachwa huru, yale yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1870 yakaitwa Freretown. Na kutoka hapo mwende kwa miguu hadi darajani.

Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1980. Lililotangulia, la mwaka 1931, lilikuwa likielea juu ya maji, na kila aliyelipita alitozwa ushuru, ushuru ambao ulizusha kesi iliyofika hata Mahakama ya Rufani ya London katika miaka ya 1950. Simameni katikati, upande wa watembeao kwa miguu, mkaelekeza nyuso kushoto, ambako mkono wa bahari wa Tudor unashuka kuelekea kwenye mlango wa bandari: jua la asubuhi huwa lingali chini upande wa matlai, na nuru yake hulala juu ya kuta za majengo yaliyoupa mji mgongo kana kwamba bahari ndiyo njia kuu na barabara zetu za lami ni uchochoro wa nyuma, jambo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa kweli tupu. Piga picha hapo ukitaka. Hakuna wa kumwomba ruhusa ila upepo.

Mkishuka darajani, kutoka Buxton njia yetu hufuata barabara ya Abdel Nasser, yenye mabasi ya Malindi na Lamu, ikaingia barabara ya Digo, na ukifika Marikiti pua hukuarifu kabla ya jicho. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1914 likapewa jina la Mackinnon, jina ambalo watu wa Mombasa hawakulitilia maanani, wakaliita Marikiti na yakesha. Ndani mna mboga, matunda, na nazi za kukuna. Pembeni na nyuma, kuelekea Langoni, mna maduka ya viungo, na huko ndiko ninakowasihi mkae. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, bizari nzima na bizari ya manjano, zafarani iliyofungwa katika vikasha vidogo kama dawa, ukwaju mweusi uliobanwa, ndimu kavu za kutoka Ghuba: hivi ndivyo vitabu vya historia vya mji huu, na kila kimoja kina bandari yake ng'ambo ya bahari. Muuza viungo mwenye kazi yake hakuuzii bizari ya pilau mpaka akuulize nyama ni ya nini na wali ni wa watu wangapi. Akishakusagia, akakufungia, akakupa na kipande cha mdalasini utafune, basi ndipo mtu mwungwana huomba kupiga picha, na sijapata kumwona aliyenyimwa.

Kutoka Langoni ingieni Kibokoni. Hapo njia hupungua upana, kelele za magari hubaki nyuma, na kivuli huanza. Ni saa ya kutafuta viazi karai, navyo ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika rojo la unga lenye rangi ya manjano, vikakaangwa vikaliwa na ukwaju wa pilipili; na pengine bajia, na kachiri za muhogo, na sambusa. Lakini zaidi ya vibanda, tazameni milango. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale biashara ya chakula haina duka: kuna meza ndogo penye daka, juu yake sinia iliyofunikwa kitambaa, ndani yake vitumbua, au vibibi, au mkate wa sinia uliokatwa kwa pembe, na mtoto aliyetumwa kukaa hapo. Mpishi hamwoni mtu wala haonwi. Ukisifu, mtoto huingia ndani akapeleka sifa, akarudi na jibu. Na mimi nashuhudia ya kuwa nimepata kupelekewa swali lililohusu kiasi cha hamira, na jibu likaja, kwa taratibu hiyo, kutoka ghorofa ya juu kupitia ngazi, mtoto akihema, bila ya mimi kujua mpaka leo sura ya aliyenifundisha.

Sasa na tuitazame nyumba yenyewe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa ipatikanayo kwa kuyachoma matumbawe hayohayo tanuuni, kisha zikapakwa lipu ya chokaa nyeupe. Unene wake ni kiasi cha nusu mita, na kwa unene huo joto la adhuhuri hubishana na ukuta hata magharibi ikaingia kabla halijafika ndani. Dari na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka Lamu, na kwa kuwa boriti ya mkoko haistahimili uzito ikizidi mita tatu hivi, upana wa vyumba vyote vya nyumba kongwe umewekwa na mti huo: mjenzi angeweza kurefusha chumba atakavyo, walakini kukipanua hakuweza. Mwenye kuingia katika nyumba ya namna hiyo hukuta vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya chengine, cha nje cha wageni, cha ndani zaidi cha wenyewe, na kila hatua ni daraja ya ukaribu ambayo haipandwi kwa kujikaribisha.

Mbele ya hayo yote iko baraza. Mwaka 1505, mwezi wa Agosti, Mreno Dom Francisco de Almeida aliushambulia mji huu akauteka nyara na kuuchoma moto. Na katika maelezo yaliyoandikwa na watu wa msafara wake imetajwa kwamba njia za Mombasa zilikuwa nyembamba hata watu wawili wasiweze kwenda sambamba, na kwamba nyumba zote zilikuwa na viti vya mawe mbele yake, vikazidi kuzibana njia. Mwandishi wa maelezo hayo aliandika kama mtu aliyekerwa na kikwazo cha vita. Lakini kwa mtu wa pwani maneno hayo ni hazina, maana yanatujulisha ya kwamba zaidi ya miaka mia tano iliyopita, kabla ya Ngome haijajengwa, kabla ya roshani na milango ya misumari, baraza ilikuwapo mahali pake pa leo, na watu walikwisha kata shauri ya kuwa ni afadhali njia iwe nyembamba kuliko mtu apite bila ya kusalimiwa.

Siku moja nilikuwa nimesimama mbele ya mlango mmoja wa kale, karibu na Ndia Kuu, ambao kizingiti chake cha juu kimechongwa mayungiyungi na mnyororo, na mfaa wake umejaa nakshi hata pasipo nafasi ya kidole. Na kwenye baraza ameketi mzee mwenye kofia ya vito na tasbihi.

"Salaam aleikum, ami."

"Aleikum salaam. Keti. Watoka wapi?"

"Natoka Magogoni."

"Magogoni kwa nani?"

Nikamtajia. Akafikiri, akamtaja mtu amjuaye mtaani kwetu, nikasema namjua. Na hapo ndipo akaitazama kamera.

"Mlango huu wapigwa sana," akasema. "Wengine hawaniulizi mimi, huuona mlango tu. Ngojea kwanza walio ndani wapite, kisha piga utakavyo. Kahawa yaja."

Tuliingoja kahawa. Muuza kahawa alikuja na dele lake la shaba lenye makaa chini, akipiga vikombe mkononi vikalia, akatumiminia kahawa chungu isiyo na sukari. Na katika muda wa kuinywa nilijifunza ya kuwa mlango ule ni wa mti wa msaji, ya kuwa bawa moja hufunguliwa siku zote na la pili siku za harusi na maiti tu, na ya kuwa nuru inayoufaa si ya asubuhi niliyoichagua mimi, bali ile ya baada ya alasiri, wakati ukuta wa mkabala unaporudisha mwanga laini ukaingia ndani ya mchongo. Mambo hayo hakuna kamera iwezayo kuyajua yenyewe.

Ndia Kuu ina sura nyingine tofauti na ya Kibokoni. Hapa ndipo utajiri wa mwisho wa karne ya kumi na tisa ulipojionyesha, wakati reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na wafanyabiashara wa Kihindi walipojenga maduka chini na makao juu, wakatokeza roshani za mbao juu ya njia, zenye vyuma na mbao zilizokatwa kwa ustadi kama kitambaa cha lesi. Roshani ni jamaa ya baraza: humwezesha aliye ndani kuuona ulimwengu bila ya ulimwengu kumwona yeye. Mpiga picha akiinua kamera kuelekea roshani na ateremshe macho kwanza aone kama kuna nguo zilizoanikwa au kitambaa kinachotikisika. Ikiwa kipo, na aendelee na njia yake.

Zipo roshani zilizong'oka, na ipo milango iliyouzwa ikaenda kupamba mahoteli, na mahali pa nyumba ya matumbawe pengine pamesimama jengo la saruji la ghorofa nyingi, lisilo na daka wala baraza, ambalo mlango wake wa chuma hufungwa mchana kutwa. Mwaka 1990 Makumbusho ya Taifa, pamoja na UNDP na UNESCO, yalitoa mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale, na bila ya mpango huo huenda leo tusingekuwa na cha kutembelea. Lakini nyumba ya chokaa hutaka kupakwa chokaa, na boriti iliyooza hutaka boriti, na mwenye nyumba ambaye warithi wake ni wengi na wametawanyika hana wa kumsaidia gharama. Sioni haki kumlaumu auzaye mlango ilhali dari inamwangukia. Naona haki kuudai mji wote, na sisi wa bara tukiwamo, tumsaidie asiuze.

Rudini nyuma mfuate barabara ya Sir Mbarak Hinawy, iliyopewa jina la Liwali yule mwanachuoni, aliyeandika kitabu juu ya Al-Akida na Ngome ya Mombasa. Mtaupita msikiti wa Mandhry, ambao mwanzo wake huhesabiwa mwaka 1570, na ambao mnara wake mnene kwa chini hupungua kadiri upandavyo, mweupe, pasi na nakshi ya kujisifia. Huo hupigwa kwa nje, na kwa staha, isipokuwa wakati wa sala. Mbele kuna uwanja na bandari ya kale. Karibu na hapo iko nyumba ya Leven, yenye jina la manowari ya Kiingereza, ambayo nahodha wake, William Owen, alitangaza himaya juu ya Mombasa mwaka 1824 kwa kuombwa na Wamazrui, watawala wa mji wakati ule, himaya ambayo serikali yake mwenyewe ilikataa kuithibitisha, ikesha mwaka 1826. Luteni John James Reitz, aliyeachwa hapa kuisimamia, alikufa kwa homa mwaka huohuo wa 1824, na jina lake ndilo hilo tulitajalo kila siku tusemapo Port Reitz, kule upande wa Changamwe. Chini ya nyumba hiyo ya Leven zipo ngazi zinazoteremka majini.

Penye soko la samaki la bandari ya kale, vyombo viingiapo, mtaona tasi, changu, kolekole, nguru, ngisi na pweza. Pweza huyu alinikumbusha habari za Galicia, jimbo la kaskazini-magharibi ya Hispania, ambako mji mkongwe wa Santiago de Compostela, wenye kuta za mawe magumu ya graniti, huingiwa na mahujaji wa Kikristo waliotembea kwa majuma mengi, na ambako chakula cha sherehe ni pweza aliyechemshwa hata akalainika, akakatwa vipande juu ya kisahani cha mti, akanyunyiziwa chumvi, mafuta ya zeituni na pilipili nyekundu. Wenzetu wale huuonyesha mji wao kwa miguu na kwa sahani, na watu hutoka mabara yote kuja kutembea huko. Pweza wetu hupigwa kwanza mwambani, hupikwa kwa tui, ndimu na kitunguu saumu, na hahitaji kuona haya mbele ya yule. Kinachopungua ni watembeaji kutoka Magogoni.

Ngome nimeiweka alasiri makusudi, kwa sababu mbili: kwanza, kuta zake za upande wa mjini hupata nuru ya jua la magharibi zikageuka rangi ya asali, na pili, mtu aliyekwisha uona mji huielewa Ngome, na aliyeanza na Ngome huuona mji kuwa ni kiambatisho chake. Ilijengwa toka mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliana wa Milan, chini ya Mfalme Felipe wa Pili, aliyekuwa akiitawala Hispania na Ureno pamoja, na hivyo Galicia na Mombasa zilikuwa zimetiwa chini ya taji moja. Waomani waliizingira toka 1696 hata 1698 wakaitwaa. Waingereza waliifanya gereza hadi mwaka 1958. Ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Na UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mengine mtaelezwa humo humo, na nyumba ya Waomani iliyo juu ya ukuta inafaa kuketiwa kwa muda.

Nimesema kwamba picha haina budi kutoka kwa ridhaa, na sitaki mtu adhani hiyo ni adabu niliyoibuni mimi. Historia ya upigaji picha wa Mombasa inaitilia nguvu. N. V. Parekh alifungua studio yake mjini hapa mwaka 1942, na kwa miongo mingi watu wa kila kabila na dini walimwendea: maharusi, masahibu waliovaa suti za namna moja, akina mama waliolivua buibui nyuma ya mlango uliofungwa wakaonekana katika hariri na dhahabu zao. Picha hizo zilikuwa za ndani. Hazikutundikwa dirishani pa duka kwa wapita njia. Zilifungwa katika bahasha, zikapelekwa nyumbani, zikawekwa sandukuni, wakaonyeshwa wale wanaostahili. Mpiga picha alikuwa amekubaliwa kuingia mpaka chumba cha nyuma, na kwa sababu hiyo alikuwa na amana. Baadaye, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walijenga vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, ambamo kijana aliyekuja Pwani kutafuta kazi alijipeleka picha nyumbani akiwa mbele ya dunia yote. Vibanda hivyo viliharibiwa katika machafuko ya mwaka 1997. Heike Behrend, mwanazuoni wa Kijerumani, ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2013, juu ya namna watu wa pwani yetu walivyobishana na kamera: kipi kionekane, kipi kisitirike, na nani mwenye idhini.

Kwa hivyo ninachowaomba vijana wetu ni hiki. Wachague mtaa mmoja tu, Kuze au Mjua Kale au Mlango wa Papa, warudi huko mpaka wajulikane. Wapige kizingiti, kidaka, kipande cha lipu kinachoanguka kikafichua matumbawe, mkono unaomimina kahawa, sinia ya vibibi. Wasipige uso ila wa mwenye kuutaka. Na kila picha waliyopewa waisafishe katika karatasi wairejeshe kwa mwenye nyumba. Mlango utakaong'olewa mwakani utakuwa umebaki kwa wenyewe angalau katika karatasi, pamoja na jina la mtaa na mwaka ulioandikwa nyuma kwa kalamu, na siku fundi atakapopatikana wa kuuchonga upya atakuwa na cha kutazama. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala semina. Inahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na muda.

Baada ya magharibi mji huanza kula nje. Mishkaki hupepewa juu ya makaa, muhogo hukaangwa ukatiwa ndimu na pilipili, mkate wa mofa hutoka tanuuni ukiwa moto, na pale palipo na mchuzi wa kamba wenye tui msipite. Tafuteni halua ya moto kama mnaipata: wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, iliyokorogwa kwa mwiko mrefu katika sufuria pana mpaka mkono uchoke na mwiko uanze kusimama wenyewe, kisha ikaliwa kwa kipande kidogo pamoja na kahawa chungu, maana huko Omani hizo mbili huandamana na hazijaachana. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa adhuhuri, basi msiende saa hiyo mkalalamika. Mwezi wa Ramadhani mchana ni wa kutembea na kutazama tu, na meza hutandikwa baada ya adhana ya magharibi, tele kuliko siku nyingine zote za mwaka. Magari ya Kisauni, kwetu bara, yapo hata usiku, na mkikaribishwa futari barazani na mtu mliyeonana naye asubuhi, kaeni mle, gari litangoja.